Mtandao Uliomo Kichwani mwa Fundi

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na baadhi yenu mmeniuliza kama nimetupa kalamu. La, sijaitupa. Ni kazi tu zilizonibana. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo si la kuandika programu, ingawa limenitesa mimi mwandishi wa programu kuliko hitilafu yoyote ya msimbo. Ni habari ya kuichora mitandao ya kompyuta ya ofisi zetu na kuiwekea kumbukumbu. Najua mada yenyewe yaonekana kavu. Nivumilieni kidogo, maana ndani yake mna pesa za watu.

Msimamo wangu nautaja mapema ili asiyekubaliana nami ajue pa kuanzia. Mtandao usioandikwa popote si mali ya ofisi iliyoulipia. Ni mali ya fundi aliyeutandaza, na siku akiondoka anaondoka nao.

Ninaishi Donholm, na wateja wangu wengi wako huku huku Eastlands: Umoja, Kayole, Komarock, Buruburu. Mmoja wao ni chama cha akiba na mikopo kilichoko Umoja, ambacho sitakitaja jina. Niliwaandikia programu ya kusimamia mikopo ya wanachama. Ijumaa moja ya Januari 2024, siku chache kabla ya watoto kuripoti kidato cha kwanza, nilipigiwa simu saa mbili na nusu asubuhi. Meneja hakunisalimu. "Programu yako imekufa," akasema, "na foleni imefika ngazini."

Nilifika kwa bodaboda. Kweli foleni ilikuwa imeshuka ngazi zote hadi nje. Wengi walikuwa wazazi waliofuata mikopo ya karo. Mama mmoja alikuwa ameshika barua ya mwanawe ya kuitwa shule, pamoja na orodha ya mahitaji kuanzia godoro hadi ndoo, na hakuwa amenunua hata kimoja.

Ofisi ile ina kompyuta tisa: nne za makeshia kwenye ghorofa ya kwanza na tano za maofisa wa mikopo kwenye ghorofa ya pili. Cha ajabu, zingine zilifanya kazi na zingine zilikataa, bila mpangilio wowote niliouona. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeweka toleo jipya la programu, basi nikajihukumu bila kesi. Nikarudisha toleo la zamani. Hakuna kilichobadilika. Nikakagua hifadhidata, nikaikuta nzima. Nikaizima seva na kuiwasha tena. Saa sita mchana ikanikuta papo hapo, shati limelowa jasho.

Ndipo nikafanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo: nikatazama anwani ya IP ya kila kompyuta. Seva yetu ilikuwa 192.168.1.10. Kompyuta zilizofanya kazi zote zilikuwa na anwani zinazoanza na 192.168.1. Zilizokataa zilikuwa na anwani zinazoanza na 192.168.0. Kwa asiyejua, kompyuta ikiwashwa asubuhi hupaza sauti mtandaoni ikiuliza, "Nani atanipa anwani?" Kifaa kinachotoa huduma ya DHCP hujibu. Vikiwepo vifaa viwili vya namna hiyo, kompyuta kwa kawaida hukubali jibu lililofika kwanza. Kwa hiyo mahali fulani katika jengo lile palikuwa na ruta ya pili, ya aina ile ya nyumbani, iliyokuwa ikigawa anwani za mtaa mwingine kabisa.

Sasa ilibaki kuitafuta tu. Swichi kuu ilikuwa ya aina nzuri inayoweza kukuambia kifaa fulani kimepitia tundu gani. Lakini nywila yake ilijulikana na mtu mmoja, yule fundi aliyetandaza mtandao, na fundi huyo alikuwa ameshaenda Qatar kutafuta riziki. Simu yake ilikuwa imezimwa. Mchoro haukuwepo. Nyaya zilikuwa ishirini na kitu, zote za rangi ya buluu, na hakuna hata moja yenye lebo.

Tukaanza kuchomoa waya mmoja mmoja. Wa kumi na saba ndio uliokuwa na hatia, lakini tulipouchomoa, ghorofa ya pili yote ilikatika pamoja nao. Waya ule ulipanda darini na kupotelea huko. Ina maana kulikuwa na swichi nyingine huko juu, na hakuna mtu katika ofisi nzima aliyejua iko wapi. Tukauacha umechomolewa ili makeshia waendelee. Kompyuta mbili za mikopo tukazishusha chini, na ofisa mmoja akakopesha watu mchana ule akiwa amekalia kreti ya soda.

Aliyetuokoa ni keateka wa jengo, mzee mmoja mpole. Alinitazama nikipima dari kwa ufito wa ufagio, akasema, "Kijana, taa za kumetameta mimi huziona usiku nikizima stima. Lakini si kwenu. Ni kule kwa saluni."

Saluni? Naam. Mwaka uliotangulia mwenye jengo alikuwa ameikata ghorofa ya pili kwa ukuta wa jipsamu na kukodisha nusu yake. Matundu ya mtandao yaliyobaki upande wa pili hayakukatwa. Dada wa saluni hakuwa mwizi. Alinunua ruta ili wateja wake wapate waifai, akachomeka waya kwenye tundu la ukuta alilolikuta, intaneti ikaja, akamshukuru Mungu. Alidhani ni sehemu ya kodi. Kwa miezi kadhaa ruta ile ilikuwa imechomekwa vizuri na hakuna aliyejua. Alhamisi jioni walipokuwa wakipiga deki waya ukachomoka, ukarudishwa kwenye tundu lisilo lake, na ruta ikaanza kugawa anwani kwa jengo zima.

Hapo ndipo nilipokaa chini. Usumbufu wa siku moja nilikuwa nimeuzoea. Kilichonitisha ni kwamba kwa miezi kadhaa kila mteja aliyesukwa nywele pale akiwa na simu mkononi alikuwa ndani ya mtandao mmoja na seva yenye akiba za wanachama. Baina yake na seva hiyo palikuwa na nywila ya programu yangu tu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayomtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Utalilindaje jambo usilojua linaanzia wapi na linaishia wapi?

Yule mama wa barua alihudumiwa saa kumi na moja jioni. Saa tatu usiku fundi akapiga simu kutoka Doha. Saa za Qatar ni sawa na zetu, kwa hiyo naye ndio kwanza alikuwa ametoka kazini. "Ndugu yangu," akaniambia, "hiyo swichi iko juu ya mlango wa saluni. Niliiweka hapo wakati ikiwa stoo yenu." Sentensi mbili tu! Jibu la siku nzima lilikuwa sentensi mbili, na lilikuwa limelala chumbani mwa wafanyakazi ng'ambo ya bahari.

Sasa, nani alaumiwe? Watu wengi watamrukia fundi. Mimi sikubali. Niliomba kuiona karatasi ya bei aliyowapa alipopata kazi ile. Ilikuwa na mita za kebo, idadi ya matundu, swichi, na siku za kazi. Hapakuwa na mstari wa mchoro, na hakuna aliyeuuliza. Sisi hulipa kwa mita. Karatasi haina mita.

Wenye ofisi nao wana hatia yao. Chama kile hakiwezi kutoa hundi bila sahihi za watu kadhaa. Kila mkutano una kumbukumbu zilizoandikwa, zikasomwa, zikathibitishwa, hata kama kilichojadiliwa ni bei ya viti vya plastiki. Eastlands nzima imejaa vyama vya namna hiyo, na hata chama cha akina mama kumi kina daftari lake. Tunajua kabisa kwamba jambo lililomo kichwani mwa mtu mmoja si salama. Lakini mtandao unaobeba hesabu zote hizo tumeuacha kichwani mwa mtu mmoja.

Na mimi je? Nilisomea sayansi ya kompyuta miaka minne, nikafundishwa mitandao kwa michoro mizuri ubaoni, kisha nikaenda kuandika anwani ya seva, 192.168.1.10, ndani ya msimbo wangu mahali kumi na nne. Nilikuja kuzihesabu baadaye tulipotaka kupanga mtandao upya na programu ikavunjika kila pahali. Ningetumia jina la seva na kuacha mtandao wenyewe ujue jina hilo liko kwenye anwani gani, ningebadilisha mahali pamoja. Kwa hiyo nami nilikuwa nimeficha sehemu ya mtandao ule kichwani mwangu. Waandishi wa programu wenzangu, msicheke. Fungueni msimbo wenu mtafute namba hizo.

Tukija kwenye kupanga, kuna mfano ulio karibu nasi. Buruburu ilijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, ikachorwa kabla ya kujengwa. Hadi leo mtu akikuambia awamu na namba ya nyumba, unafika bila kumsumbua mtu. Sasa jaribu kumwelekeza mgeni kwenye maghorofa ya Umoja Innercore: shuka stejini, pita duka la dawa, ukiona kibanda cha chapati uliza. Kibanda kikihama, mgeni wako amepotea.

Mitandao mingi ya ofisi zetu ni ya kibanda cha chapati. Kila kitu kimewekwa kwenye 192.168.1, kwa sababu ndivyo ruta ilivyotoka kwenye katoni. Mtaa wa namna hiyo una nafasi za vifaa 254 tu, na seva, printa, kamera na simu za wageni zote zinaishi chumba kimoja. Tangu Februari 1996 kanuni iitwayo RFC 1918 imetenga anwani ambazo ofisi yoyote duniani inaweza kuzitumia ndani kwake bila kumwomba mtu ruhusa. Fungu moja tu kati ya hayo, linaloanza na 10, lina anwani zaidi ya milioni 16. Hakuna sababu ya kubanana.

Tulipopanga upya, tulifanya kama Buruburu. Anwani ya 10.2.30.15 inasomeka hivi: ghorofa ya 2, kundi la 30, kifaa cha 15. Kundi la 10 ni makeshia na maofisa, la 20 ni kamera, la 30 ni wageni. Kila kundi lina VLAN yake, yaani ukuta ndani ya swichi ile ile, na fayawoli inaamua nani apite mlango gani. Mgeni wa waifai anafika kwenye intaneti lakini seva haioni kabisa. Sasa nikiona anwani kwenye kumbukumbu za programu yangu, najua imetoka wapi kabla sijainuka kitini. Mpangilio mzuri wa anwani ni nusu ya mchoro tayari.

Kuna watakaosema mambo haya ni ya kampuni kubwa. Nawajibu kwa kitu tulichokiona wote. Kabla ya 2009 intaneti yetu ilitegemea setilaiti. Mwaka huo zikafika kebo za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, na EASSy ikafuata 2010. Tarehe 12 Mei 2024, SEACOM na EASSy zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ikahisi. Mafundi wa kebo hizo hawakuanza kupapasa sakafu ya bahari. Hutuma mwanga ndani ya kebo, wakapima muda unaochukua kurudi, wakapata umbali, kisha wakalinganisha na ramani ya njia ambayo kebo ililazwa. Meli huenda hapo. Kebo iliyo chini ya maji marefu ina ramani, na waya ulio juu ya mlango wa saluni Umoja haukuwa nayo. Si suala la ukubwa wala utajiri.

Hata wakubwa hujikwaa, na kujikwaa kwao kuna somo. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilitoweka duniani kwa takriban saa sita. Amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata mtandao wao mkuu, na seva zao za majina zikaacha kutangaza njia za kuzifikia. Vifaa vya ndani ambavyo wahandisi hutumia kutengeneza matatizo kama hayo navyo vilitegemea mtandao ule ule uliokufa. Ikabidi watu waende wenyewe kwenye majengo, ambako pia kuingia hakukuwa rahisi. Ndiyo maana nasema nakala moja ya kumbukumbu iwe karatasi. Mchoro uliohifadhiwa kwenye seva usiyoweza kuifikia ni sawa na funguo za gari ulizozifungia ndani ya gari.

Basi tuandike nini? Si kitabu. Kwa ofisi ya kawaida ya mitaa yetu, kurasa tano zinatosha:

1. Mchoro wa nyaya: kila swichi iko wapi hasa katika jengo, na imeunganishwa na nini. Andika "juu ya dari, mlango wa pili kushoto", usiandike "ghorofa ya pili" tu. Andika na urefu, maana kebo ya shaba haitakiwi kuzidi mita 100.

2. Mchoro wa makundi: VLAN zipi, anwani zipi, nani anaruhusiwa kuongea na nani.

3. Jedwali la matundu: tundu la 17 linaenda wapi. Lebo ile ile iwekwe ncha zote mbili za waya. Lahajedwali linatosha, ukitaka zaidi kuna NetBox, ambayo ni ya bure.

4. Sababu. Kwa nini kamera zimetengwa? Kwa nini waya ule ulipitishwa nje? Ukurasa huu ndio husahaulika, na ndio wenye thamani kubwa, kwa sababu mtu anayekuja baadaye anaweza kuona kilichopo lakini hawezi kuona ulichokuwa ukifikiria.

5. Siku ya balaa: stima ikipotea, intaneti ikikatika, swichi ikiungua, nani afanye nini kwanza na ampigie nani.

Na ukurasa wa tano uandikwe kwa Kiswahili. Simaanishi kwa ajili ya uzalendo. Atakayekuwa pale saa tano usiku ni askari au keateka, si mimi. Yeye ndiye aliyejua swichi iko wapi siku ile. Hati asiyoweza kuisoma haina faida kwake wala kwako.

Najua hoja za kupinga. Ya kwanza ni kwamba hati huzeeka. Ni kweli, na hati ya uongo ni mbaya kuliko kutokuwa na hati. Dawa yake ni kufanya mabadiliko ya karatasi yawe sehemu ya kazi yenyewe: kazi haijaisha mpaka mchoro ubadilike, na tarehe iandikwe. Ya pili ni kwamba mchoro ni zawadi kwa wezi. Basi nywila zisiwekwe humo. Ziwekwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri, ndani ya sefu, na ifunguliwe na watu wawili. Vyama vyetu vinajua kufanya hivyo vizuri kuliko kampuni nyingi.

Ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, na ndiyo yenye uzito. Mafundi huniambia, "Nikiwachorea kila kitu, kesho watamwita mwingine wa bei rahisi." Siwezi kusema hofu hiyo ni ya bure. Huku kwetu kazi hunyang'anywa kwa tofauti ya shilingi mia tano. Lakini aliyekuwa na siri zote za mtandao ule hakubakizwa na siri hizo. Aliondoka kwenda Ghuba kama wengine. Siri haikumletea hata simu moja ya kazi, ila simu yangu ya usiku, ambayo hakulipwa. Ninachopendekeza ni mchoro uwe mstari wake kwenye karatasi ya bei, wenye pesa yake, na malipo ya mwisho yasitolewe mpaka ukabidhiwe. Fundi alipwe kwa anachokijua, si kwa anachokificha.

Mwezi wa Novemba mwaka huo huo nilikuwa ushago mazishini, ambako simu hushika mtandao ukipanda mlimani. Niliporudi Nairobi nikasikia kwamba swichi ya ghorofa ya pili ilikuwa imeungua baada ya stima kupotea na kurudi kwa nguvu. Kijana mmoja wa Kayole, ambaye hakuwa amewahi kufika pale, aliitwa. Keateka akamtolea karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati la vifaa, akamwonyesha na ngazi ilipo. Wakabadilisha swichi kabla ya chai ya saa nne. Hakuna aliyenitafuta.

Nikiri kwamba niliposikia hivyo nilihisi kauchungu kadogo, kama mtu aliyegundua kwamba nyumba inaendelea vizuri bila yeye. Kisha nikafurahi. Haya, tukutane tena hapa panapo majaliwa. Kesho ukifika ofisini kwako, fungua kabati la swichi, shika waya mmoja wowote, na uulize wenzako unakoenda.